Filamu za muuaji shuleni za miaka ya 1980: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyo hapa chini hayamtaji muuaji wa filamu yoyote. Namna watu wanavyouawa inatajwa, kwa hiyo asiyetaka kujua hata hilo aishie swali la 5, atazame kwanza, kisha arudi.

## Mambo ya msingi

1. Slasha ya shuleni ni filamu ya namna gani?

Ni filamu ya kutisha ambamo muuaji mmoja, aghalabu aliyeficha uso, anawamaliza vijana mmoja mmoja kwa silaha inayomlazimu asogee karibu: kisu, shoka, singe, msumeno. Bunduki karibu haimo kabisa. Mahali ni sekondari, chuo au bweni, na mambo mengi huisha ndani ya usiku mmoja.

Hadithi nayo haibadiliki sana. Zamani kuna mwanafunzi aliyefanyiwa mzaha uliovuka mpaka, au aliyekufa wenzake wakiangalia. Waliohusika wakakubaliana kufunga midomo. Miaka ikapita, ikafika sherehe, na mtu akaja kudai. Ukiona dakika tano za mwanzo zina watoto wanaoapa kutosema, wahesabu. Hiyo ndiyo orodha.

Upande wa pili wapo wauaji wasio na sababu yoyote. Final Exam (1981) ya Jimmy Huston ni ya aina hiyo: muuaji hana jina, hana historia, anatokea tu kwenye gari. Wengine huona hilo ndilo linalotisha, wengine huona mwandishi alivivia. Sisi tuko na hao wa pili.

2. Kwa nini shule?

Sababu ya kwanza ni hela. Halloween ya John Carpenter (1978) ilitengenezwa kwa takriban dola 325,000 na kurudisha mamilioni mengi, na Friday the 13th (1980) ikanunuliwa na studio ya Paramount ikaingia kumbi nchi nzima. Kila prodyuza mwenye bajeti ndogo akatafuta jengo moja la kukodi na kundi la waigizaji wasiojulikana. Shule iliyofungwa kwa likizo inatosha: korido ndefu, maabara yenye asidi, jimu, chumba cha boila, karakana. Silaha ziko tayari ukutani.

Sababu ya pili ni kalenda. Filamu hizo mbili zilijinadi kwa tarehe (usiku wa 31 Oktoba, na Ijumaa ya tarehe 13), na tarehe nzuri zilikuwa zinakwisha. Kalenda ya shule bado ilikuwa na dansi, mitihani, mahafali na usiku wa kuwapokea wageni (tazama swali la 4). Kati ya 1980 na 1984 karibu zote zilichukuliwa. Ya tatu ni kwamba walionunua tiketi walikuwa vijana wa umri huohuo.

3. Ilianzia wapi?

Mama yao ni Black Christmas (1974) ya Bob Clark, iliyopigwa Toronto: nyumba ya wasichana wa chuo, simu za matusi, na mtu aliyejificha darini. Miaka miwili baadaye Massacre at Central High ilileta mwanafunzi anayewalipiza wababe wa shule. Mwaka huohuo, 1976, Carrie haikuwa slasha lakini ilitoa vitu viwili vilivyoigwa miaka kumi mfululizo: ukumbi wa dansi uliopambwa, na mwanafunzi aliyedhalilishwa mbele ya wote.

4. Prom, sorority na "hell night" ni nini? Bila hivyo sielewi hadithi.

Prom ni dansi rasmi ya mwisho wa mwaka katika sekondari za Marekani na Kanada. Wanafunzi huja wawili wawili, wavulana kwa suti, wasichana kwa magauni marefu, na hupigiwa kura mfalme na malkia. Ugomvi wa nani ataenda na nani, na nani atavikwa taji, ndio unaobeba nusu ya kwanza ya filamu nyingi.

Sorority ni chama cha wasichana wa chuo na fraternity ni cha wavulana. Majina yake ni herufi za Kigiriki, na wanachama hukaa nyumba moja. Anayetaka kujiunga hupitishwa kwenye majaribu, mengine ya kudhalilisha. Aliyewahi kuwa mono katika bweni la Kenya au njuka Tanzania anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Hell night ndio usiku wa jaribu la mwisho. Katika Hell Night (1981) ya Tom DeSimone, Linda Blair na wenzake watatu wanatakiwa walale katika jumba lililoachwa, na wenyeji wao wametega vitisho vya bandia humo ndani. Vya bandia si vyote.

## Pa kuanzia

5. Sijaona hata moja. Nianze na ipi?

Prom Night (1980) ya Paul Lynch. Si kali kuliko zote, ila sheria zote zimo: mchezo wa watoto katika jengo lililoachwa unaoishia kwa kifo, siri ya miaka sita, simu za vitisho, kinyago, shoka, na Jamie Lee Curtis akicheza disko kwa dakika nzima. Uwe na subira. Vijana hawaanzi kuuawa mpaka filamu imeshapita nusu, na watu wengi huizima kabla ya hapo.

Ukimaliza, nenda The House on Sorority Row (1983) ya Mark Rosman. Wasichana wanamfanyia mzaha mlezi wa nyumba yao pembeni ya bwawa la kuogelea, bastola inalia, maiti inazamishwa bwawani, na jioni ileile wana sherehe ya kumaliza chuo. Wageni wamejaa na bwawa halijasafishwa. Hofu kubwa ya saa nzima ni kwamba mtu atawasha taa za bwawa. Muuaji anafuata baadaye, na fimbo ya kutembelea ya marehemu ndiyo silaha.

6. Ipi imetengenezwa kwa ustadi zaidi?

Kwa uongozaji, Happy Birthday to Me (1981). Mwongozaji wake, J. Lee Thompson, ndiye aliyefanya The Guns of Navarone mwaka 1961, na inaonekana: kamera inatulia, shule ya matajiri inaaminika, na mauaji yamepangwa kwa zamu. Kuna la pikipiki, la vyuma vya mazoezi, na lile la mshikaki lililowekwa kwenye bango. Tatizo ni mwisho, ambao ulibadilishwa kazi ikiendelea. Maelezo ya dakika za mwisho hayakubali kuulizwa maswali.

Kwa picha, Terror Train (1980). Wanafunzi wa udaktari wamekodi treni kwa sherehe ya mwaka mpya, na mpiga picha ni John Alcott, aliyepata Oscar kwa Barry Lyndon. Giza la behewa ni giza kweli, lakini unaona kila uso.

Kwa madoido ya kimwili, yaani majeraha na damu za kutengenezwa kwa mikono, The Prowler (1981) ya Joseph Zito. Kazi ni ya Tom Savini, na wengi wanaiweka juu ya kila kitu alichofanya muongo huo. Muuaji amevaa sare ya askari wa Vita Kuu ya Pili, ana singe na uma wa shambani, na dansi ya mahafali inafufuliwa baada ya kupigwa marufuku miaka 35. Hadithi yenyewe nyepesi.

7. Ipi ni mbovu lakini tamu?

Pieces (1982) ya Juan Piquer Simón, bila mpinzani. Ni filamu ya Kihispania inayojifanya iko Boston, na sehemu kubwa ilipigwa Hispania. Inaanza mwaka 1942 kwa mtoto anayeunganisha picha ya vipande, lakini simu iliyo nyumbani ni ya vitufe, ambayo haikuwepo bado. Miaka inapita, na katika chuo kikuu mtu anakusanya viungo vya wasichana kwa msumeno wa injini.

Tazama tukio la lifti. Muuaji anaingia na msichana, msumeno ameuficha mgongoni. Msumeno mzima! Kamera inauonyesha, sisi tunauona, msichana hauoni. Baadaye, usiku, mwalimu wa kung fu anamrukia askari wa kike bila sababu, anaanguka, anaamka, anaomba radhi akisingizia chakula cha Kichina alichokula, anaondoka. Hatajwi tena. Mwigizaji ni Bruce Le, mmoja wa walioishi kwa kumuiga Bruce Lee.

Itazame na watu wanne au watano. Peke yako haina ladha.

8. Ipo ya kuchekesha kwa makusudi?

Student Bodies (1981) ya Mickey Rose. Idadi ya waliokufa inaandikwa kwenye skrini kila mmoja anapoanguka, na mmoja wa wahanga anauawa kwa klipu ya karatasi. Utani mwingi hautaeleweka mpaka uwe umeona angalau Halloween na Prom Night, kwa hiyo isiwe ya kwanza.

9. Ni kweli George Clooney na Brad Pitt walipitia huku?

Kweli. Clooney yumo Return to Horror High (1987), kuhusu kikosi cha filamu kinachopiga picha katika shule ambako mauaji yalitokea kweli. Yeye ni mwigizaji anayeacha kazi hiyo kwa kuwa amepata nafasi kwenye televisheni, na hafiki mbali. Pitt ana nafasi kubwa zaidi Cutting Class (1989), akiwa mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye hasira. Humo mwalimu wa sanaa anafungiwa kwenye tanuri la vyungu, na Roddy McDowall ni mwalimu mkuu asiyefaa kukaa karibu na watoto.

Jamie Lee Curtis hakupitia, alikaa: Halloween 1978, kisha The Fog, Prom Night na Terror Train, zote tatu za 1980. Daphne Zuniga yumo The Dorm That Dripped Blood (1982) na The Initiation (1984).

## Zilivyotengenezwa

10. Kwa nini nyingi ni za Kanada ilhali zinajidai Marekani?

Kodi. Tangu katikati ya miaka ya 1970, Mkanada aliyewekeza katika filamu ya nyumbani aliruhusiwa kuiondoa asilimia 100 ya pesa hiyo kwenye kipato chake cha kutozwa kodi. Madaktari na wanasheria wasiojua lolote kuhusu sinema wakawa wenye filamu. Kutisha ndiko kulikouzika kusini ya mpaka, basi wakatengeneza kutisha: Prom Night huko Toronto, Terror Train na Happy Birthday to Me Montreal. Nafuu hiyo ilipopunguzwa kufikia nusu mapema miaka ya 1980, mfereji ukakauka, ingawa Hello Mary Lou: Prom Night II (1987) bado ilipigwa Edmonton.

11. Mbona lafudhi za Slaughter High ni za ajabu?

Kwa sababu ni Waingereza. Filamu (1986, waongozaji watatu) ilipigwa Uingereza na waigizaji wanaojitahidi kuongea Kimarekani. Kuna jambo jingine linalowasaliti: wahusika wanaamini Siku ya Wajinga inakwisha saa sita mchana, na hiyo ni desturi ya Uingereza. Caroline Munro, aliyezaliwa 1949, anaigiza mwanafunzi wa sekondari akiwa anakaribia miaka 35 au ameifikia.

Pamoja na hayo, usiidharau. Mwanzo wake ni uonevu mgumu kuutazama, na tukio la bafu lililojaa asidi limepangwa vizuri. Simon Scuddamore, aliyeigiza Marty anayeonewa, alifariki mwaka 1984, kabla filamu haijaonyeshwa. Hiyo ndiyo filamu yake pekee.

12. Damu ile ilikuwa nini, na naweza kuitengeneza?

Msingi wa mafundi wa Marekani ulikuwa fomyula ya Dick Smith: sharubati ya mahindi, rangi nyekundu na ya njano za chakula, unga wa zinki oksaidi ili isipitishe mwanga, na kemikali ya kusafishia picha iliyoifanya itambae kwenye ngozi. Kemikali hiyo ni sumu. Damu ya aina hiyo haikuwa ya kuwekwa mdomoni.

Ya nyumbani kwa filamu fupi: kikombe 1 cha sharubati ya glukosi, kijiko kikubwa 1 cha maji, kijiko cha chai 1 cha rangi nyekundu ya chakula, na nusu kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji kidogo isifanye madonge. Hii inaweza kuingia mdomoni. Ya kumwaga kwenye ngozi ongeza tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, maana bila hiyo sharubati hujikunja kuwa matone badala ya kutiririka. Yenye sabuni iwe na chombo chake na alama.

Yanayoharibika: chini ya balbu ya njano damu hugeuka rangi ya chungwa, kwa hiyo zidisha kakao. Usiku, kwenye mwanga wa bluu, huwa nyeusi kama oili, kwa hiyo punguza kakao na ongeza nyekundu. Jaribu mbele ya kamera, macho yatakudanganya. Rangi ya chakula haitoki kwenye nguo nyeupe, basi andaa shati la pili kabla ya kupiga tukio. Na safisha seti mara moja: sukari huita sisimizi.

13. Nawezaje kumtambua muuaji mapema?

Usipime urefu wala mwendo. Aliye ndani ya kinyago mara nyingi ni mtu wa kudublu, si mwigizaji utakayemwona mwishoni. Mlinzi, mfagiaji na mgonjwa aliyetoroka hospitali karibu daima ni chambo. Angalia aliyepewa jina na ndugu katika tukio la mwanzo, halafu akasahaulika.

## Matoleo, majina na diski

14. Natafuta filamu siipati. Je, ina jina lingine?

Huenda. The Prowler iliuzwa Ulaya kama Rosemary's Killer. The Dorm That Dripped Blood, iliyofanywa na wanafunzi wa UCLA (chuo kikuu cha Los Angeles), iliuzwa pia kwa jina la Pranks. Night School (1981) iliitwa Terror Eyes Uingereza. Slaughter High ilikuwa iitwe April Fool's Day, ila Paramount ilikuwa na filamu ya jina hilo mwaka uleule. Na Hello Mary Lou ilipigwa kama The Haunting of Hamilton High, kabla ya kubandikwa kwenye mkia wa Prom Night (tazama swali la 19).

15. Nakala yangu ni fupi kwa dakika nne. Imekatwa?

Pengine hapana. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni na video wa PAL, uliotumika Uingereza na pia Kenya na Tanzania, huicheza kwa fremu 25. Filamu ya dakika 90 inakuwa dakika 86 na sekunde 24, na sauti hupanda kidogo. Chukua muda wa nakala yako, zidisha kwa 1.0417. Ukipata muda wa sinema, hakuna kilichokatwa. Prom Night ya dakika 92 ikisomeka 88 kwenye mkanda wa PAL, ni nzima. Blu-ray huhifadhi fremu 24, kwa hiyo huko upungufu ni upungufu kweli.

16. Basi zilizokatwa ni zipi, na nani alikata?

Marekani, chama cha studio kiitwacho MPAA kilitoa alama. Alama ya X ilifunga milango ya kumbi na magazeti mengi, kwa hiyo watengenezaji walikata wenyewe sekunde za damu mpaka wapewe R (tazama swali la 21). Mkato wa namna hii hautambuliki kwa dakika. Unautambua pale kisu kinapoinuka na tukio linalofuata ni asubuhi.

Uingereza mambo yalikuwa mazito zaidi. Mikanda iliyoorodheshwa na mwendesha mashtaka mkuu ilikamatwa madukani, kisha sheria ya video ya 1984 ikalazimisha kila mkanda upitiwe. Za vyuoni zilizoingia kwenye orodha hiyo ni Pranks na Terror Eyes. Yaani zimo kwa majina yale mengine (swali la 14), ndiyo maana watu huzikosa wakitafuta.

17. Diski ya Marekani itacheza kwangu?

DVD ya Marekani ni kanda (eneo la mauzo) ya 1. Afrika Mashariki ni kanda ya 5, Uingereza na Ghuba ni 2. Blu-ray ya Marekani ni A, na Afrika yote pamoja na Ulaya ni B. Bila mashine iliyofunguliwa, diski yenye kufuli la kanda itakataa. Diski za 4K hazina kufuli hilo, lakini Blu-ray ya kawaida iliyomo kwenye boksi lilelile inaweza kuwa nalo.

Tahadhari moja: DVD ya Happy Birthday to Me ya 2004 ina muziki uliobadilishwa. Tafuta ya 2009 au za baada yake.

## Maswali ya pembeni

18. A Nightmare on Elm Street na The Slumber Party Massacre ni za shuleni?

Ya kwanza (1984) hapana. Ina tukio moja zuri la darasani, lakini makazi yake ni kitanda. Ya pili (1982) inaanzia jimu na kuhamia nyumbani, kwa hiyo iko mpakani. Tunaitaja kwa sababu mwongozaji ni mwanamke, Amy Holden Jones, na mwandishi ni mwanamke, Rita Mae Brown, jambo lililokuwa adimu.

19. Lazima nione Prom Night kabla ya Prom Night II?

Hapana. Zinashirikiana jina la shule, basi. Ya pili ina mzimu wa malkia wa dansi aliyekufa 1957, na ubao wa darasani unaogeuka maji meusi. Ni bora kuliko ya kwanza, useme usemavyo. Prom Night ya 2008 nayo ni hadithi nyingine kabisa.

20. Ni kweli anayebaki ni bikira?

Kanuni hiyo imetiwa chumvi. Carol Clover, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1987 kuhusu msichana anayebaki wa mwisho: mwangalifu, anayeona hatari kabla ya wengine, na anayegeuka kupigana. Steringi hauawi, na humu steringi ni wa kike. Lakini katika The House on Sorority Row na Slaughter High kinachowahukumu watu ni kushiriki mzaha. Usafi wa chumbani hauwaokoi.

21. Naweza kutazama na watoto?

R ya Marekani maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi. Damu si kitu pekee: Slaughter High ina udhalilishaji mrefu wa mvulana aliyevuliwa nguo, na Final Exam ina shambulio la risasi chuoni linalofanywa kama utani. Mwaka 1981 watu walicheka. Leo linakaa vibaya.

22. Kwa nini zilikwisha, na zilirudi lini?

Zilijazana mno 1981. Baada ya 1984 watazamaji walitaka mizimu na ndoto, na kufikia 1989 slasha nyingi zilikwenda moja kwa moja dukani. Zilirudi na Scream (1996) ya Wes Craven, ambayo wahusika wake wameziona hizi zote na wanamtaja Jamie Lee Curtis kwa jina. Wilaya ya shule ya Santa Rosa, California, ilikataa kuwapa sekondari yake wapigie picha. Ukikaa mpaka majina ya mwisho yapite, utaona bodi yake imetajwa kwenye shukrani, kwa maneno ya kwamba hawaishukuru hata kidogo.